Miaka Miwili Niliyokupunguzia

Mwanangu Jeremi,

Umeenda kunyolewa, na kinyozi wako hapo Beechmont hamalizi kichwa kimoja kabla hajamaliza habari za mtaa mzima, kwa hiyo nimepata saa mbili za kukaa mezani na kalamu. Kesho asubuhi tunaondoka kwenda Buffalo, mimi na wewe, mwendo wa saa nane garini. Utajiuliza kwa nini namwandikia barua mtu nitakayekaa naye garini siku nzima. Ni kwa sababu najijua. Garini nitaongea habari za matairi na malori, tukiingia Ohio nitakuuliza kama una njaa, na neno lenyewe nitalimeza mpaka tufike. Kalamu hainitazami usoni, ndiyo maana nimeichagua.

Sitakuambia uvae nini wala ule nini. Hayo mama yako ameyamaliza, na begi lako sasa halifungi kwa sababu ya sombe, kisamvu chetu, aliyoigandisha na mablanketi mawili, kana kwamba huko Buffalo hawajawahi kusikia habari za blanketi. Sitakufundisha mpira pia. Miaka yote hii nimekutazama ukicheza na bado sielewi mchezo ambao wenyewe wanauita mpira wa miguu, kisha wanaucheza kwa mikono. Ninachotaka kukuandikia ni ile miaka yako miwili niliyokupunguzia mimi, na jinsi ulivyolibeba jambo hilo mbele za watu mwezi uliopita. Nakushukuru. Nimeanza na shukrani ili hata barua ikikuchosha katikati, uwe umeshaipata.

Habari ya mwanzo unaijua nusu tu. Ulipokuwa unakaribia miaka mitano, katika kambi ya wakimbizi kule Kigoma, ulikuwa mwembamba kiasi kwamba mama yako alikufunga kaptura kwa kamba ya gunia. Pale zahanati kulikuwa na uji wa lishe kwa watoto wa chini ya miaka mitano, uji mzito wenye mafuta na sukari, na kila mtoto alikuwa na kadi yake. Ukitimiza mitano, kadi inachukuliwa. Kadi yako ya kwanza ilipotea upepo ulipoezua nyumba yetu, na siku nilipokwenda kuomba nyingine, karani akaniuliza, "Mtoto ana miaka mingapi?" Nikakutazama. Ulikuwa umekaa chini unachora vumbi kwa kidole. Nikasema, "Mitatu." Hakukutazama mara mbili. Kwa mwili uliokuwa nao, hata ningesema miwili angekubali. Akaandika mwaka, na kwa kuwa sikumpa siku wala mwezi, akaweka Januari mosi, kama walivyowekewa wengine wote.

Ukanywa uji ule miaka miwili zaidi. Uji siujutii, nisikudanganye. Ningerudi pale leo ningesema mitatu tena, na ningeomba bakuli kubwa.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miaka kumi na tisa na ikavuka bahari. Kadi ya uji ikaingia kwenye karatasi ya familia, karatasi ya familia ikaingia kwenye faili la safari ya Marekani, na kila tulipoitwa kwenye mahojiano niliwakalisha nyote nikawakaririsha: huyu miaka yake ni hii, yule ni hii. Maafisa wale walikuwa wakiuliza swali moja kwa njia tatu waone kama majibu yanafanana. Majirani zetu waliwahi kusahihisha tarehe ya mtoto mmoja tu, na faili lao likakaa bila kusogea mpaka tukawaacha kulekule. Nikaogopa. Nikanyamaza, na uongo wa bakuli moja la uji ukawa tarehe yako ya kuzaliwa.

Tulipofika Louisville shule ikakuweka darasa moja na watoto wa umri wa kwenye karatasi. Haukupita muda mwalimu wa michezo akaja nyumbani, macho yamemtoka, akasema hajawahi kuona mtoto wa umri huo mwenye mwili huo. Nilicheka, nikatia sahihi karatasi ambayo sikuisoma, nikidhani ni ya kabumbu. Kosa hilo mama yako hajanisamehe hadi leo. Yule mwalimu Mungu ambariki. Miaka minne alikurudisha nyumbani kwa gari lake kila baada ya mazoezi kwa sababu sisi hatukuwa na gari na basi la mwisho lilikuwa limeshapita, na hakuna siku hata moja aliyopiga honi kwa hasira.

Lakini kuna jambo sijawahi kukuambia. Wale watoto uliokuwa ukiwasukuma wakaanguka walikuwa wadogo zako kwa umri. Wewe hukujua. Mimi nilikuwa nimekaa jukwaani nikijua, na nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Mama mmoja wa mtoto aliyelala chini alinigeukia akaniambia, "Mwanao ana nguvu za ajabu," nami nikamshukuru kama vile nguvu zile nimezitengeneza mimi. Niliona aibu baadaye, nikiwa kazini, mikono ikiwa kwenye maboksi. Sasa nisikilize vizuri hapa. Ulipofika Columbus, chuoni, wote mlikuwa wanaume na ndevu zenu, na bado uliwasukuma. Kwa hiyo asije mtu akakuambia kwamba kila ulichopata ulikipata kwa ile miaka miwili, wala usijiambie hivyo mwenyewe.

Mwezi wa tatu uliniita Columbus kwenye ile siku ambayo timu za kulipwa hutuma skauti, watu wao wa kupima vijana wanaomaliza chuo, kabla ya zile siku tatu za kuchagua wachezaji wapya. Nilikaa ukutani karibu na bomba la maji. Wakakupima urefu bila viatu. Wakakunyoosha mkono wakapima kutoka begani hadi ncha ya kidole, kama fundi cherehani anayekushonea koti, kisha wakapima kiganja. Ukakimbia yadi arobaini huku wanaume kumi na wawili wakibonyeza saa kwa pamoja. Hakuna aliyepiga makofi. Kila mmoja aliandika lake, akaliziba daftari kwa mkono mwenzake asione. Kisha wakakuita chumbani mmoja mmoja wakakuuliza maswali, na ulipotoka ulisema walikuwa wanarudia swali lilelile kwa maneno mengine. Nilikuwa nimewahi kukaa kwenye kiti hicho.

Kazi ya kupima naijua, unajua. Ghalani mimi ndiye ninayepokea vitu vilivyorudishwa na wateja. Nafungua boksi, natazama, nabandika daraja: hiki kiuzwe kama kipya, hiki kwa bei ya chini, hiki kitupwe. Wiki yangu ya kwanza nilitupa redio kwa sababu boksi lake lilikuwa limechanika na kona moja imebonyea. Mwenzangu mmoja, mama wa Kikongo, akaiokota, akaichomeka umeme, ikaanza kuimba. Akaniambia, "Papa, ulitazama boksi tu." Tangu siku hiyo nachomeka kila kitu, lakini bado najua nakosea, kwa sababu msimamizi ananihesabia dakika na maboksi hayaishi. Kwa hiyo watu wa daftari usiwachukie. Wengi wao wana hofu kubwa zaidi ya kukosea kuliko wewe ulivyo na hofu ya kupimwa. Ila wakikupa daraja, kumbuka wamelitoa kwa siku ile na kwa muda waliokuwa nao.

Baada ya wiki mbili ndipo yule mzee, skauti wa timu ya Buffalo, alipokuja hapa nyumbani. Wewe ulikuwa mazoezini. Ni mtu mwenye adabu, nampenda hata sasa. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akala ugali kwa mkono, akamsifu mama yako kwa samaki. Kisha akatoa daftari. Akauliza ulianza kutembea lini, wajomba zako ni warefu kiasi gani, kama umewahi kugoma shule. Halafu akatabasamu akasema, "Kinachotufurahisha sana ni umri wake. Ana miaka ishirini na miwili, mwili bado unakua. Katika nafasi yake hatuna mdogo kuliko yeye kwenye orodha yetu." Akainama kuandika.

Jeremi, nilimwona anasoma lebo niliyoibandika mimi. Mtu amekula mezani kwangu, na ananunua kitu kwa lebo ya uongo. Sikupanga kusema. Mdomo ulitangulia. Nikamwambia, "Si ishirini na miwili. Mwezi wa nane anatimiza ishirini na minne." Kalamu ikasimama. Akaniuliza tena polepole, nikamjibu tena polepole, nikamweleza habari ya uji. Mama yako alikuwa ananikanyaga mguu chini ya meza tangu sentensi ya kwanza. Yule mzee akasema, "Unajua kwamba nitalazimika kuandika." Nikamwambia aandike. Mlangoni, akifunga kamba za viatu, akasema jambo jingine: "Mwambie mwanao leo."

Mlango ulipofungwa, mama yako hakupaza sauti, na unajua asipopaza sauti ndipo mambo yameharibika. Akasema, "Weye Baba Jeremi, nani alikuuliza? Bon, kweli ni kweli. Lakini mwenye ile miaka hakukuwa hapa. Donc, basi, umemuibia mara mbili."

Nilimwona mkali kupita kiasi. Na sikukuambia siku ile. Wala ya pili yake. Nilikuwa natafuta maneno mazuri, kila siku nayaahirisha, na siku ya nne wakala wako, anayekusemea kwa timu, akakupigia kukuuliza kwa nini timu mbili tayari zimesikia na kubadilisha umri wako kwenye orodha zao. Uliingia jikoni na simu bado mkononi. Uliongea kwa Kiingereza, kama mnavyofanya mkiwa na hasira, ukasema, "Umewaambia wao kabla ya kuniambia mimi." Ukapanda juu. Nilibaki pale nikigundua kwamba mama yako alikuwa amelisema jambo lilelile kwa lugha nyingine.

Yakimwagika hayazoleki. Nimekaa na haya mambo mawili wiki nyingi, nikiyageuzageuza, na nimeona hivi. Uongo niliusema kwa ajili ya tumbo lako. Ukweli niliusema kwa ajili ya moyo wangu, ili nipumue. Ule wa pili ndio unaoniuma. Ukweli ule ulikuwa wako. Ningekupa wewe kwanza, ukauangalia, ukachagua mwenyewe mlango wa kuutolea, labda ungemwambia mzee yule maneno yaleyale niliyomwambia mimi. Nadhani ungemwambia. Lakini ingekuwa sauti yako.

Zikaja zile siku tatu. Nyumba ilijaa watu wa kanisa, masufuria yakapangwa mpaka kwenye ngazi, watoto wakalala kwenye mazulia mbele ya televisheni. Siku ya kwanza hatukutegemea kitu. Siku ya pili ulikuwa umeshika simu kwa mikono miwili. Siku ya tatu majina yalisomwa hadi la mwisho, na lako halikuwemo, na chumba kizima kikawa kinatazama sakafu. Ndipo Mzee Bosko, mzee wetu wa kanisa, ambaye hajawahi kuona kidonda asikitie kidole, akauliza mbele ya watu wote, "Sasa mutoto, shida ilikuwa nini? Si walikupima wakasema uko muzuri?"

Ulinitazama. Niliona umenitazama. Nilikuwa nimesimama na jagi la juisi, na nilikuwa tayari kulisikia jina langu. Ulikuwa na haki ya kulitaja, na ningekubali. Ukamgeukia ukasema kwa Kiswahili, taratibu, "Mzee, mwaka huu watu wanene wa kusukumana walikuwa wengi." Watu wakacheka. Ukasema, "Tule basi, chakula kinapoa," ukachukua sahani ya kwanza ukampelekea yeye.

Mwanangu, ulinisitiri. Nimeishi kambi mbili, nimeomba vitu vingi mbele ya meza nyingi, nimepewa mahindi, nimepewa mahema, nimepewa nchi. Sijawahi kupewa kitu kikubwa kama kile, na aliyenipa ni mtoto niliyemkosea, tena siku ambayo yeye ndiye aliyekuwa amekosa kuchaguliwa. Niliingia bafuni nikafungua maji ili msinisikie. Sijui nilikulea vipi mpaka ukawa hivyo. Nadhani ni mama yako.

Sahani zilikuwa bado hazijaoshwa simu yako ilipolia. Ulitoka nje ukakaa kwenye ngazi za nyuma, nami nikasimama dirishani nikijifanya nasuuza bilauri. Alikuwa yule mzee wa Buffalo mwenyewe. Uliporudi uliniambia kwa kifupi: daraja lako lilishuka, lakini hawakukufuta. Uje ujaribu. Wanakuja wengi, na mwisho wa mwezi wa nane wengi wanarudishwa nyumbani. Nikakuuliza kama unataka. Ukasema, "Nataka." Ilikuwa sentensi yako ndefu kuliko zote ulizoniambia wiki ile.

Je, bila mdomo wangu ungeitwa siku ya pili? Labda. Labda hapana. Hakuna wa kutuambia, na nimeacha kuuliza, kwa sababu kila nikiuliza nagundua ninachotaka ni mtu anijibu kwamba sina kosa.

Nimekwenda kwa mwanasheria wa wakimbizi, yule mama mfupi anayeongea haraka. Amesema njia ya kusahihisha karatasi ipo, ni ndefu, na maelezo yatakuwa yangu, kwa sahihi yangu, kwamba mtoto hakusema neno. Amenionya kwamba huenda yakaja maswali. Yaje. Safari hii simkaririshi mtu.

Kule Riverside, hukohuko Buffalo, mama yako mdogo amekuandalia chumba kwa siku utakazopewa ruhusa. Nyumba yao ni ndogo na mto uko mwisho wa mtaa, na upepo wake nimewahi kuuonja tulipokwenda kumzika mumewe. Ule upepo hauna adabu. Ameshalitangazia kanisa lake lote kwamba mtoto wa dada yake anakuja kucheza, kwa hiyo Jumapili jiandae kusimamishwa mbele. Simama tu. Watakuombea, na baadhi yao watakupima kwa macho makali kuliko ya skauti yeyote.

Limebaki moja. Wiki iliyopita ulikuwa unajaza fomu za Buffalo, ukafika kwenye tarehe ya kuzaliwa, ukainua kichwa ukaniuliza, "Baba, kwa kweli nilizaliwa lini?" Nami nikaanza kutafuta miwani ambayo ilikuwa usoni. Nisamehe. Ulizaliwa Alhamisi asubuhi, mwezi wa nane, mama yako akiwa amerudi kutoka kwenye foleni ya maji na ndoo iliyojaa, kwa sababu alikataa kuiacha foleni baada ya kusubiri kiasi kile. Mkunga alipofika, wewe ulikuwa umeshafika. Nilikuosha kwa maji ya ndoo ile.

Tarehe yenyewe nilikuwa nimeiandika hapa. Mama yako akapita, akasoma juu ya bega langu, akaweka kidole. "Apana. Ile siku, ni miye njo nilikuwa ndani yake. Utaniachia nimuambie miye mwenyewe." Nimeifuta, unaona karatasi ilivyochubuka. Nimejifunza, ingawa nimechelewa. Kesho mlangoni atakushika kichwa akuambie.

Siku hiyo ikifika mwaka huu, watakuwa hawajamaliza kuamua nani abaki na nani arudi. Huenda utakuwa Buffalo bado, huenda watakuwa wameshakuaga, sijui, na sikuombei jibu lolote zaidi ya unalojiombea mwenyewe. Ninachojua ni kwamba asubuhi ile nitakupigia simu kukutakia heri ya siku yako ya kuzaliwa, kwenye siku yenyewe, kwa miaka yako yote ishirini na minne. Itakuwa mara ya kwanza maishani mwako. Nikikawia kuanza kuongea, usikate simu.

Baba yako